Kadi za simu zenye picha za stempu za wanyama: jinsi ya kuzitambua, kuzisafisha na kuzitunza bila kuziua (mwongozo kamili)

Wakuu, naandika hii kwa sababu kosa ni lilelile kila siku. Mtu anakuja hapa Mwanga, Kigoma, na bahasha ya marehemu baba yake, anafungua, ndani kuna kadi za simu za zamani, zile zilizochapwa picha ya stempu ya mnyama, tembo, chui, bata, sokwe, nzuri mpaka unatabasamu. Ukigeuza nyuma unakuta kaikwangua ile sehemu ya namba ili aone kama bado ina salio. Au kaipeleka steshenari ikapigwa laminesheni. Au kaipiga pasi kwa sababu ilikuwa imepinda kidogo.

Kadi imekaa miaka mingi salama kwenye droo, inaharibika siku moja, mikononi mwa mtu anayeipenda. Inaniuma kweli. Kwa hiyo leo tunaenda hatua kwa hatua, usiruke hata moja, na kama hatua imekushinda simama hapo hapo, kadi ambayo haijaguswa haina hasara yoyote.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Maji ya kunywa ya chupa, kikombe kimoja kinatosha
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tone moja tu
- Pamba, vijiti vya pamba vya masikio, na kitambaa laini cha kufutia miwani
- Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, kijiko kimoja
- Karatasi nyeupe za A4, safi, zisizo na maandishi
- Kaunta buku na penseli
- Rula ya mwanafunzi
- Simu yenye kamera
- Vifuko vya plastiki vya kuwekea kadi (aina gani tutaona hatua ya 5)
- Kipande cha waya wa shaba, urefu wa kiganja
- Kopo la bati la biskuti lenye mfuniko unaobana
- Vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu

Kuna wanaoniambia watumie maji ya betri kwa sababu ni safi zaidi. Ni kweli ni safi, lakini kwenye maduka ya spea chupa yake na chupa ya asidi zinafanana sana, mtu akikosea anaunguza kadi na vidole. Maji ya kunywa yanatosha.

Sasa vitu ambavyo sitaki viwe hata kwenye meza: dawa ya kuondolea rangi ya kucha, spiriti, petroli, mafuta ya taa, jiki, selotepu, supaglu, pasi. Toa kabisa, maana kikiwa karibu utajaribiwa.

## Hatua ya 1: Piga picha, usikwangue

Kabla hujafuta hata vumbi, piga picha pande zote mbili. Kaa barazani kwenye kivuli asubuhi, weka kadi juu ya karatasi nyeupe, zima flashi kwa sababu inapiga ule mng'ao unaoficha mikwaruzo. Hiyo picha ndo ushahidi wako wa hali ya kadi kabla hujaigusa, na usafishaji ukienda vibaya utajua ni wapi.

Kuhusu kukwangua, niseme mara moja. Muda wa matumizi wa kadi hizi uliisha zamani, huduma nyingi zilizozitoa hazipo tena, hakuna salio unalolifuata. Ila kwa mkusanyaji ule utepe wa rangi ya fedha unaofunika namba ukiwa mzima ndo kadi inaitwa mpya, ukikwangua imekuwa kadi iliyotumika na hairudi. Kama utepe umeanza kubanduka wenyewe pembeni, usiubonyeze wala usiuwekee selotepu, siku ukiitoa selotepu inaondoka na utepe wote.

Na kadi iliyo bado kwenye kifuko chake cha kiwandani usiifungue. Safisha kifuko kwa nje, basi.

Ukifanikiwa: una picha mbili kali kwa kila kadi, ukivuta karibu unasoma maandishi madogo ya nyuma.

## Hatua ya 2: Jua umeshika nini

Hapa ndo watu wanapitia juu juu, halafu wanakosea kila kinachofuata, maana kila aina ina udhaifu wake.

Chukua kitambulisho chako cha NIDA au kadi ya benki uweke juu ya kadi yako. Kadi ya simu ya kawaida inalingana nayo, milimita 85.6 kwa 54, unene kama milimita 0.76. Ikiwa ni kikaratasi kigumu, kidogo kuliko hapo, hiyo ni vocha ya karatasi, na vocha ya karatasi haioshwi kwa maji hata kidogo, inafutwa kavu na kuwekwa kwenye kifuko, umemaliza.

Sasa igeuze.

Yenye chipu. Unaona kile kibati cha rangi ya dhahabu au fedha. Ilikuwa inaingizwa kwenye simu ya kibanda. Udhaifu wake ni pembezoni mwa chipu, imebandikwa kwenye kishimo kwa gundi, maji yakikaa pale yanaingia chini.

Yenye utepe wa sumaku. Utepe mweusi au wa kahawia nyuma, wakati mwingine mgongo mzima una rangi hiyo. Zile za Kijapani ni nyembamba sana, zinapinda kwa kuangaliwa tu, na zikitumika mashine inatoboa vitundu vidogo. Vile vitundu sio uharibifu, ni alama ya matumizi. Kuna kijana alitaka kuviziba kwa supaglu, nikamuwahi.

Ya kusomwa kwa mwanga. Hizi ni za Landis & Gyr za Uswisi, zina mkanda mwembamba unaong'aa na hazina chipu. Simu ilikuwa inachoma alama kwenye ule mkanda kadiri unavyoongea, kwa hiyo joto ndo adui yake mkubwa. Jua la mchana kwenye dashibodi ya gari linatosha kuiharibu.

Ya namba ya siri. Haina chipu wala utepe wa sumaku, nyuma kuna namba ya kupiga na namba ya siri chini ya kile cha kukwangua. Nyingi za stempu za wanyama zinazoletwa kwangu ni hizi.

Halafu sehemu tamu yenyewe, picha. Je, ni stempu kweli au ni picha tu ya mnyama? Tafuta meno pembezoni mwa picha, yale ya kuchanika, tafuta jina la nchi na thamani iliyoandikwa ndani ya picha. Ikiwa stempu haina jina la nchi ila ina kichwa cha mfalme au malkia wa Uingereza kwenye kona, ni ya Uingereza, ndio nchi pekee isiyoandika jina lake kwenye stempu. Ukiona panda mdogo mweusi na mweupe pembeni, hiyo ni familia ya stempu za WWF, shirika la kimataifa la kuhifadhi wanyamapori, zilizoanza 1983, mara nyingi hutoka nne nne za mnyama mmoja, kwa hiyo ukipata kadi moja jua inaweza kuwa na ndugu watatu.

Ukikuta bata na alama ya dola, usikimbilie kusema ni stempu ya barua. Wamarekani wana stempu ya bata ya wawindaji, mwindaji ananunua kama sehemu ya kibali na hela inaenda kununulia maeneo ya ardhi oevu ambako ndege wanazaliana. Ya kwanza ilitoka 1934 kwa dola 1, mchoro wake ulikuwa wa Jay Norwood Darling, leo inauzwa dola 25. Haibandiki barua popote. Kwenye orodha yako iandike mahali pake.

Na hili shikeni sana: mwaka wa stempu sio mwaka wa kadi. Stempu za twiga za Tanganyika zilitoka 1922. Tanzania ilitoa za samaki 1967 na za vipepeo 1973. Ukishika kadi yenye mchoro wa stempu ya twiga ya Tanganyika, usimwambie mnunuzi kwamba kadi ni ya 1922, atakucheka na hatarudi. Kadi za simu zenyewe zilianzia Italia 1976, hakuna iliyo ya zamani kuliko hapo. Mwaka wa kadi unautafuta kwenye maandishi madogo nyuma, mara nyingi ni tarehe ya mwisho ya matumizi.

Sisi tunaokaa mwambao wa Ziwa Tanganyika tunapata na zilizoandikwa Kifaransa, zimevuka ziwa au zimepita mpakani. Hizo angalia nyuma neno "tirage" na tarakimu pembeni yake, ndo idadi ya kadi zilizochapwa. Ukiona milioni, tulia. Ukiona elfu chache, ongeza uangalifu kwenye hatua zote zinazofuata.

Ukifanikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja ni kadi ya aina gani, picha ni ya stempu ya nchi gani, na kama ilitumika.

## Hatua ya 3: Kusafisha, kwa mkono mwepesi

Niwaambie kilichonipata. Nilikuwa na kadi ya chui, mchoro wa stempu, macho yake ya njano yanakuangalia popote ulipo. Kona ya chini ilikuwa na gundi ya kibandiko cha bei. Nikachukua dawa ya kuondolea rangi ya kucha, tone moja kwenye kijiti cha pamba, nikasugua. Gundi ilitoka. Pamba nayo ikawa ya njano, nikadhani ni uchafu, nikaongeza. Nilipoinua mkono kona ya chui ilikuwa nyeupe na plastiki imevimba kidogo kama ngozi iliyoungua. Ile dawa ina asetoni, na asetoni inalainisha plastiki ya kadi na kuondoka na wino wake. Ile kadi ninayo mpaka leo, ndiyo ninayowaonyesha watu kabla sijaongea.

Fanya hivi.

Anza kavu. Futa na kitambaa cha miwani, kuelekea upande mmoja, kutoka katikati kwenda nje. Usizungushe, vumbi letu la kiangazi lina mchanga, ukizungusha unachora duara kwenye mng'ao. Kadi nyingi zinaishia hapa, zimeshakuwa safi, acha.

Kama bado ina uchafu wa mikono, weka tone moja la sabuni kwenye kikombe cha maji, chovya pamba, ikamue mpaka ibaki na unyevu tu. Futa kidogo kidogo. Pamba ikipata rangi ya picha, simama hapo hapo, wino unatoka. Nyuma usiguse utepe wa kukwangua, pita mbali nao, na kwenye chipu zunguka pembeni bila kuilowesha. Usidumbukize kadi kwenye maji. Malizia na pamba yenye maji matupu kuondoa sabuni, sabuni ikibaki inaacha ukungu mweupe.

Gundi ya vibandiko ndo inasumbua wengi. Chovya kijiti cha pamba kwenye mafuta ya alizeti, paka juu ya gundi tu, subiri dakika kumi, halafu sukuma gundi kwa kidole kilichofunikwa na pamba. Ikigoma rudia, usichukue kisu wala kucha. Ikitoka, ondoa mafuta kwa ile pamba ya sabuni.

Na tafadhali sio mawese! Najua Kigoma mawese yapo kila nyumba, lakini angalieni vyombo vyenu vya plastiki vilivyowekewa mawese, ile rangi ya machungwa haitoki milele. Kadi nayo ni plastiki. Nimeshaletewa kadi ya korongo mweupe ambaye si mweupe tena.

Madoa ya ukungu, yale ya kijivu yenye unyoyaunyoya, yafutie nje ya nyumba, ukiwa umefunika pua, kwanza kavu kisha na unyevu kidogo. Na ile pamba tupa, usiitumie kwenye kadi nyingine, utahamisha ukungu.

Ukifanikiwa: ukiinamisha kadi kwenye mwanga mng'ao ni mmoja, hakuna michirizi, na vidole havinati.

## Hatua ya 4: Kukausha na kunyoosha

Laza kadi juu ya karatasi nyeupe ndani ya nyumba, kwenye kivuli, saa kadhaa, geuza mara moja. Sio juani, sio juu ya friji. Unyevu ukibaki ukaingia nao kwenye kifuko, umepanda ukungu mwenyewe.

Iliyopinda usiipige pasi, plastiki hii inalainika hata kabla maji hayajachemka, na pasi ina joto kuliko maji yanayochemka. Iweke katikati ya karatasi mbili safi, juu weka vitabu vizito, iache wiki tatu au nne. Kama ina mstari mweupe wa mkunjo, huo hauondoki, kubali na uandike kwenye daftari.

## Hatua ya 5: Kifuko, hapa ndo kwenye kifo cha polepole

Zile albamu za picha za bei rahisi, laini, zenye harufu kali ya plastiki mpya, kurasa zake mara nyingi ni PVC iliyolainishwa kwa kemikali. Ile kemikali inatoka taratibu, inahamia kwenye kadi, baada ya miaka unakuta kadi imenata na wino umehamia kwenye ukurasa. Ukivuta unapata chui wawili nusu nusu. Albamu za kurasa zenye gundi ndo kabisa usiziguse.

Unachotaka ni kifuko cha polipropilini au poliesta. Kinakuwa kikavu mkononi, hakina harufu, kinapiga kelele kidogo ukikikunja. Kama muuzaji hajui ni plastiki gani, nunua kimoja tu ukakipime hivi:

Nenda nje, upande upepo unakotoka ili moshi usikurudie. Shika waya wa shaba kwa koleo, uchome kwenye moto wa jiko la gesi mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi ya kijani. Ukiwa bado wa moto, ugusishe kwenye kona ya kifuko kitupu ili plastiki kidogo iyeyuke ishike kwenye waya. Rudisha waya kwenye moto. Ukiona kijani kinawaka, kuna klorini ndani, ni PVC, achana nacho. Moto ukibaki bila kijani, umepata. Moshi wake ni mbaya, fanya kwa kipande kidogo, mara moja, watoto wawe mbali.

Kadi moja kifuko kimoja. Ukiweka mbili mgongo kwa mgongo zinakwaruzana kila unapofungua.

Laminesheni narudia tena, hapana. Ni joto na gundi kwa pamoja, na haitoki. Kuna steshenari moja mjini ilimlamineshia mama mmoja kadi kumi na mbili kwa nia njema kabisa, alikuja kwangu akiwa na furaha na mimi nilikosa cha kumwambia.

## Hatua ya 6: Mahali pa kulaza

Huku kwetu mvua zinaanza kama Oktoba mpaka Mei, na ukiwa karibu na ziwa, Kibirizi au Ujiji, unyevu unaingia mpaka kabatini. Weka vifuko vikiwa vimesimama ndani ya kopo la bati, kama mafaili, visilale vikagandamizana. Ndani weka vifuko viwili vitatu vya silika. Watu wanaweka mchele badala yake, usifanye hivyo, unaleta fukusi na unga wake unatanda kwenye kadi.

Kopo likae chumba cha kulala, juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje na mbali na bati la paa. Lisikae stoo moja na dagaa, ile harufu na chumvi vinaingia na havitoki.

Kila mwisho wa mwezi wakati wa mvua fungua kopo, nusa. Harufu ya ukungu ikianza, toa vyote, panga mezani siku yenye upepo mkavu, badilisha silika.

## Hatua ya 7: Kaunta buku

Namba yako mwenyewe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ndani ya kifuko, kamwe sio kwenye kadi. Kwenye daftari andika namba hiyo, nchi ya kadi, aina, mnyama, stempu ya nchi gani na mwaka wake, mwaka wa kadi, idadi iliyochapwa kama ipo, imetumika au la, kasoro, na uliipata kwa nani. Hicho cha mwisho watu wanakiacha, na ndicho wajukuu watakachokuuliza.

## Hatua ya 8: Kubadilishana na kutuma

Ukionyesha picha mtandaoni ziba namba ya nyuma kwa kikaratasi, sio kwa sababu ina salio, ila ili mwingine asiichukue picha yako akadai kadi ni yake.

Mtu akikwambia kadi yako ni ya mamilioni na kwanza utume ada ya usajili, huyo ni tapeli, funga mazungumzo. Kadi nyingi ni za bei ndogo, zinazopanda ni zile chache, mpya, zisizokwanguliwa, na bei yake utaijua kwa kuangalia ziliuzwa kwa kiasi gani, sio mtu anaomba kiasi gani.

Kutuma ni hivi: kadi ndani ya kifuko, kifuko katikati ya vipande viwili vya boksi gumu vilivyo vikubwa kuliko kadi kwa vidole viwili kila upande, funga boksi kwa selotepu, selotepu iguse boksi tu isifike kwenye kifuko. Kisha bahasha. Posta omba rejista, na mwambie wa dirishani agonge muhuri pembeni, mbali na ilipo kadi, kwa sababu ule muhuri ukipigwa kwa nguvu katikati unapitisha alama mpaka ndani.